Tamthiliya Husahihishwa kwa Sikio

Kila mwaka vijana wengi wa Afrika Mashariki huandika tamthiliya. Wako wanaoziandikia mashindano ya shule, wako wanaoziandikia vikundi vya sanaa vya mitaani, na wako wanaotarajia siku moja kuziona kwenye orodha ya vitabu vya kiada. Wengi wao wamefundishwa namna ya kuanza. Wanajua mgogoro ni nini, wanamtambua mhusika mkuu na mhusika bapa, wanaweza kueleza dhamira na maudhui. Jambo ambalo wachache wamefundishwa ni namna ya kuurudia mswada uliokwisha kuandikwa na kuuandika upya. Wengi wanadhani kazi hiyo ni kupitia kurasa na kalamu nyekundu mkononi, kuondoa makosa ya tahajia, kuweka neno zito mahali pa neno jepesi, kisha kumpelekea mchapishaji. Hoja yangu leo ni kwamba tamthiliya haisahihishwi hivyo. Husahihishwa kwa kusikilizwa, ikisomwa na sauti za watu wengine, na marekebisho yake huanzia kwenye vitendo yakaishia kwenye maneno. Anayeanza na maneno hupamba kitu ambacho bado hakijasimama.

Tutazame kwanza sababu. Msomaji wa riwaya ana uhuru ambao mtazamaji hana. Akichoka, huweka kitabu kando. Akipotea, hurudi kurasa mbili nyuma. Sentensi ikimpendeza, huisoma tena. Mtazamaji yuko kitini, mambo yanapita mbele yake mara moja tu, kwa mwendo uliopangwa na wengine. Jina la mhusika likitajwa wakati mlango unafungwa kwa kishindo, limepotea. Sentensi ndefu yenye vishazi vinne, hata iwe fasaha namna gani, itamwishia mwigizaji pumzi kabla hajaifikisha mwisho, na mtazamaji atakuwa amesahau ilipoanzia. Ninyi mnaofuatilia michezo ya redio mnalijua hili vizuri sana: wahusika wawili wakizungumza kwa namna moja, baada ya dakika chache mtu hajui tena nani kasema nini, na hana ukurasa wa kurudia. Mwandishi naye ana kizuizi chake, maana anajua alichokusudia. Anapousoma mswada wake kimya, akili yake inajaza mapengo yote. Anaisikia hasira ambayo hakuiandika, anauona uso wa mama mwenye huzuni ambao haumo katika maandishi, anakumbuka sababu ya ugomvi ambayo aliifuta katika rasimu ya pili. Macho yake yanamshuhudia vizuri mno. Anahitaji ushahidi kutoka kwa mtu asiyejua alichokusudia.

Sasa tuje kwenye madai yangu kwamba vitendo hutangulia maneno. Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ninaoujua unatoka Urusi. Mwaka 1889 Anton Chekhov, aliyekuwa tayari mwandishi wa hadithi fupi anayeheshimika, alionyesha mjini Moscow tamthiliya yake iitwayo Leshy, yaani pepo wa msituni. Haikufaulu, na mwandishi mwenyewe hakuiingiza katika mkusanyo wa kazi zake. Mwaka 1897 akachapisha tamthiliya nyingine, Mjomba Vanya, ambayo mwaka 1899 iliigizwa na Moscow Art Theatre na hadi leo inachezwa katika nchi nyingi. Hii ya pili ilitoka tumboni mwa ile ya kwanza. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya tendo la pili na la tatu imebaki karibu neno kwa neno. Kilichobadilika ni nini, basi? Chekhov alipunguza wahusika, kisha akabadilisha kinachotendeka. Katika tamthiliya ya kwanza, mjomba anajipiga risasi na kufa katika tendo la tatu, na tendo la nne linawapatanisha wapendanao na kumalizikia kwenye furaha. Katika ya pili, mjomba huyohuyo anamwelekezea bastola profesa aliyemnyonya maisha yake yote, anafyatua mara mbili, na mara zote mbili anakosa. Hakuna anayekufa, hakuna anayeoa. Profesa anaondoka, na mjomba pamoja na mpwa wake Sonya wanarudi kwenye meza yao ya hesabu za shamba, kazi ileile ya miaka yote.

Tulipime jambo hili kwa makini. Kama uzuri wa tamthiliya ungekuwa katika sentensi zake, basi Leshy, iliyobeba sentensi nyingi zilezile, isingezama. Chekhov hakuiokoa kazi yake kwa kutafuta maneno matamu zaidi. Aliuliza maswali magumu kuliko hayo. Mtu huyu anataka nini? Anafanya nini ili akipate? Akishafanya, maisha yanakuwa tofauti vipi? Risasi iliyoua ilifunga habari ya mjomba mapema, ikawaacha watazamaji na tendo zima ambalo halikumhusu tena. Risasi iliyokosa ilimlazimisha aendelee kuishi na aibu yake mbele yetu, na sentensi zilezile za uchovu na majuto, ambazo kabla zilisikika kama manung'uniko, zikapata uzito. Maneno hupata nguvu kutokana na mahali yalipowekwa, na mahali hapo hutengenezwa na kitendo.

Kwa hiyo mwandishi anayejifunza kazi hii aanze kwa kuchukua karatasi nyingine na kuorodhesha kila onyesho la tamthiliya yake. Mbele ya kila onyesho aandike mambo matatu kwa ufupi: nani anataka nini, nani au nini kinamzuia, na ni kitu gani kimebadilika onyesho linapokwisha. Maonyesho ambayo safu ya tatu imebaki tupu ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Ama yafutwe, ama yaunganishwe na mengine, ama yapewe tukio la kugeuza hali. Chukueni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, mkaipime kwa kipimo hiki. Vita vya Maji Maji ni habari kubwa ya kihistoria, na mwandishi asiye makini angeanza kwa mhusika anayetuhutubia kuhusu dhuluma za Wajerumani. Hussein anaanza na wanawake nyumbani na shida ya chakula, na dhuluma tunaifahamu kupitia njaa yao. Halafu kila hatua inageuza kitu: imani ya maji inapozaliwa, makabila yaliyotengana yanaungana, yakishaungana, neno hilo la maji linamponyoka Kinjeketile aliyelisema, na wapiganaji wanataka vita kabla yeye hajawa tayari, vita vikishindwa, wakoloni wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa neno hilo sasa ni mali ya watakaokuja. Ukiondoa hatua moja, inayofuata inakosa sababu. Mswada ukishafikia hali hiyo ndipo umekomaa kuingia kwenye marekebisho ya lugha.

Kuna ugonjwa mmoja ambao orodha hii huufichua haraka, nao umeenea sana katika miswada ya vijana. Wahusika huambiana mambo ambayo wote wawili wanayajua, ili mtazamaji ayasikie. Tuchukue mfano wa kubuni. Mjane anamwambia mwanawe kwamba, kama anavyojua, baba yake alifariki miaka mitatu iliyopita akawaachia shamba, na kwamba baba yake mdogo anataka kuwanyang'anya. Sentensi hiyo ni sanifu, habari zote zimo, na hakuna mama duniani anayezungumza na mwanawe hivyo. Mwandishi anayesahihisha maneno peke yake ataipa methali mbele na nyuma. Mwandishi anayesahihisha vitendo ataifuta. Atamleta shemeji jukwaani, aingie bila kubisha hodi, avute kiti cha marehemu kilichokuwa kimeegemezwa ukutani. Mjane atasema, "Shemeji, mguu wa kiti hicho ni mbovu. Karibu mkekani." Shemeji atajibu, "Kiti cha kaka hakiwezi kuniangusha," akaketi. Mtoto atasimama mlangoni asiingie. Shamba halijatajwa bado, lakini kila aliyemo ukumbini ameshajua nani amekufa, nani anataka kurithi, nani anaogopa, na amejua kwa sababu ameona mtu akikalia kiti kisicho chake. Mistari miwili imefanya kazi ya hotuba nzima, na mwigizaji amepata jambo la kutenda.

Baada ya kazi hiyo ya mezani ndipo linapokuja sikio. Njia yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Mwandishi akusanye watu wa kutosha kugawana wahusika, kila mmoja apewe nakala, mmoja asome maelekezo ya jukwaani, na mwandishi mwenyewe asisome chochote. Akae kimya na daftari. Asieleze kitu kabla ya kuanza wala asimkatize msomaji kumwonyesha hasira iwe kali kiasi gani. Maelezo yoyote anayoyatoa yanafuta ushahidi anaoutafuta. Aandike mahali msomaji alipojikwaa, mahali alipokosea sauti kwa sababu sentensi haikumwonyesha anayezungumza ana hali gani, mahali wasikilizaji walipocheka bila kutarajiwa, mahali viti vilipoanza kulia na watu kutazama simu zao. Usomaji ukiisha, awaulize maswali yanayojibika kwa walichosikia. Ulidhani nani ana makosa? Ni lini ulijua watu hawa ni ndugu? Ni wapi ulitamani mambo yaende haraka? Asiwaulize kama wameipenda, kwa sababu adabu yetu haimruhusu mtu kumwambia mwenyeji wake kwamba chakula ni kibaya, na sifa za heshima hazimfundishi mwandishi lolote. Kisha aache siku zipite kabla ya kuushika tena mswada, ili jambo lililomuumiza na jambo lililo kweli yatengane kichwani mwake.

Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa namna usikilizaji unavyoweza kuijenga tamthiliya. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika kwa Kikuyu mswada wa Ngaahika Ndeenda, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Hawakuupeleka kwanza kwa mchapishaji. Waliusoma mbele ya wanakijiji, wakulima na wafanyakazi, nao wanakijiji wakaukosoa. Wazee walisema mzee wa rika fulani hazungumzi hivyo mbele ya vijana. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walieleza thamani ya wanachozalisha na ujira wanaolipwa, hesabu ambazo waandishi hawakuwa nazo. Nyimbo na taratibu za harusi zilirekebishwa na watu waliozijua kwa kuzitenda. Mazoezi yalifanyika hadharani, na aliyepita njiani aliweza kusimama akatazama na kusema lililo sawa na lisilo sawa. Tarehe 2 Oktoba 1977 ilipofunguliwa katika ukumbi wa wazi ambao wanakijiji wenyewe waliujenga, wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, ilikuwa imekwisha kupita katika masikio mengi. Serikali ilifuta kibali chake tarehe 16 Novemba mwaka huohuo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa mwisho wa Desemba na kuwekwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima. Nguvu zilizotumika kuinyamazisha ni kipimo cha jinsi ilivyosikika. Tamthiliya iliyoandikwa na wasomi wawili na kuchapwa kimya isingeogopwa kiasi hicho.

Hapa nasikia pingamizi la kwanza, nalo ni la haki. Mtu atasema kwamba kazi ikipita mikononi mwa wengi hupoteza mwenyewe. Kila msikilizaji ana lake, na mwandishi mchanga ataishia kuandika tamthiliya ya kamati. Historia inampa mtu huyu ushahidi. Henrik Ibsen alipoandika kuhusu Nora, mke anayemwacha mume na watoto ili ajitafute, katika tamthiliya yake ya mwaka 1879 ambayo kwa Kiswahili tungeiita Nyumba ya Mwanasesere, mwigizaji mmoja mashuhuri wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, alikataa kucheza mwisho huo. Ibsen alihofia kwamba wengine wangeubadilisha bila yeye, akaandika mwenyewe mwisho mwingine ambamo Nora anapelekwa kwenye mlango wa chumba cha watoto, na miguu inamwishia nguvu, asiondoke. Mwenyewe aliuita ukatili wa kishenzi dhidi ya kazi yake, na kumbi za dunia zimempa haki: mwisho unaochezwa ni ule wa kwanza. Mwaka 1955 Tennessee Williams naye aliandika upya tendo la tatu la Cat on a Hot Tin Roof kwa sababu mwongozaji wake, Elia Kazan, alitaka mzee wa familia arudi jukwaani na wahusika wengine waguswe zaidi. Tamthiliya ilifanikiwa sana, lakini Williams hakutulia. Alipoichapisha aliyaweka matendo yote mawili ya tatu, lake na lile la Kazan, ili msomaji aamue.

Pingamizi hilo linajibika tukitenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Msikilizaji ni shahidi mwaminifu wa kilichompata. Akisema amepotea katika onyesho la tatu, amepotea kweli, na mwandishi hana hoja ya kumpinga. Lakini msikilizaji huyohuyo anapotoa dawa, akasema binti asife, au mzee arudi, au mwisho uwe wa furaha, ameondoka kwenye ushahidi na kuingia kwenye uandishi. Mwigizaji wa Ujerumani alikuwa shahidi wa kweli kwamba mwisho wa Nora unaumiza. Kosa lilikuwa kudhani kwamba maumivu ni hitilafu, hali maumivu yale ndiyo yaliyokuwa kusudi. Mwandishi ayachukue malalamiko yote kwa uzito, ayatafutie sababu yeye mwenyewe, na mara nyingi ataikuta sababu mbali na mahali palipolalamikiwa. Onyesho la mwisho linapoonekana refu, huenda kosa liko katika la pili, ambako jambo la kutiliwa hamu halikupandwa. Wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walisahihisha lugha, kazi, nyimbo na desturi, mambo waliyoyajua kwa undani, na hilo liliipa tamthiliya ukweli bila kuiondolea hoja yake. Na Williams anatufundisha jambo la kivitendo: tunza kila mswada. Rasimu ya zamani ikiwepo, marekebisho mabaya yanaweza kufutwa.

Pingamizi la pili linatoka kwa Chekhov yuleyule niliyemtumia kama shahidi. Tamthiliya yake ya Shakwe wa Baharini ilipoigizwa mara ya kwanza mjini Saint Petersburg mwezi Oktoba 1896, ilizomewa. Mazoezi yalikuwa machache, na watazamaji walikuja usiku wa kumuenzi mwigizaji wa vichekesho, wakitarajia kucheka. Miaka miwili baadaye Moscow Art Theatre iliicheza tamthiliya ileile na ikapata ushindi ambao uliijenga nyumba hiyo ya sanaa. Kama Chekhov angeuandika upya mswada kwa sababu ya kuzomewa, huenda angeuharibu. Nalikubali somo hili, na linaisaidia hoja yangu. Linatuambia kwamba kusikiliza mara moja hakutoshi. Usomaji mmoja unaweza kuharibiwa na msomaji mbovu, na umati mmoja unaweza kuja na njaa ya kitu kingine. Kasoro inayojitokeza kwa wasomaji wa kundi moja ikatoweka kwa wasomaji wa kundi jingine ni ya uigizaji. Kasoro inayorudi kila mara, mahali palepale, pamoja na sauti mpya na wasikilizaji wapya, ni ya mswada. Kwa sababu hiyo mwandishi asiguse chochote kikubwa kabla ya kuisikia kazi yake kutoka kwa makundi mawili angalau.

Wako pia wanaosema kwamba rasimu ya kwanza ndiyo yenye moto, na kwamba kuirudia ni kuupoza. Maneno hayo yanavutia, hasa kwa kijana aliyeandika usiku kucha. Lakini mtazameni Bertolt Brecht na Maisha ya Galileo. Aliiandika akiwa uhamishoni Denmark mwaka 1938, na katika rasimu hiyo Galileo anayekana elimu yake mbele ya Kanisa ni mzee mjanja anayejidhili ili aendelee kuandika kwa siri. Kuanzia mwaka 1944, huko Los Angeles, Brecht aliirudia kazi hiyo pamoja na mwigizaji Charles Laughton. Laughton hakujua Kijerumani na Kiingereza cha Brecht kilikuwa haba, kwa hiyo walilazimika kuigiziana mistari, mmoja akionyesha kwa mwili na sauti, mwingine akitafuta maneno yanayolingana na kitendo. Wakiwa katikati ya kazi hiyo, mwezi Agosti 1945, bomu la atomiki likaanguka Hiroshima. Ujanja wa mwanasayansi anayekwepa wajibu wake mbele ya umma haukuweza tena kusifiwa. Katika tamthiliya iliyoonyeshwa mwaka 1947, Galileo anajihukumu mwenyewe kuwa msaliti. Brecht aliendelea kuirekebisha Berlin hadi kifo chake mwaka 1956. Moto haukupoa. Aliporudi kwenye mswada alikuta dunia imemletea swali kubwa zaidi kuliko lile aliloanza nalo, na rasimu ya kwanza haikuwa na jibu lake.

Najua kwamba sisi wasemaji wa Kiswahili tunaipenda lugha, na kwamba mtu anaweza kuniuliza maneno nimeyaachia nafasi gani. Nimeyaachia nafasi ya mwisho, na nafasi ya mwisho ndiyo inayodai uvumilivu mwingi kuliko zote. Vitendo vikishakaa sawa, mwandishi apitie mazungumzo ya mhusika mmoja mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho, akiruka ya wengine, asikie kama ni mtu mmoja anayezungumza na kama anaweza kutofautishwa na jirani yake hata jina likifunikwa. Bibi wa pwani na kijana wa stendi hawawezi kupanga sentensi kwa namna moja. Mfano wa uvumilivu huo ni Julius Nyerere, aliyeitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1963, akiwa na kazi zote za kuiongoza nchi changa. Hakuridhika. Aliirudia, na mwaka 1969 ikatoka tafsiri iliyorekebishwa, Juliasi Kaizari. Kiongozi wa nchi alikubali hadharani kwamba kazi yake iliyokwisha kuchapwa ingeweza kuwa bora zaidi. Mwandishi chipukizi hana sababu ya kuona haya kufanya hivyohivyo na mswada ambao bado uko mezani kwake.

Lililobaki ni kuangalia mazingira yetu, maana mwandishi hasahihishi peke yake. Tamthiliya nyingi za Kiswahili huandikwa kwa matumaini ya kusomwa darasani. Huchapwa kwanza, zikatahiniwa, na nyingine hazijapata kuigizwa hata siku moja. Mwanafunzi anaulizwa sifa za mhusika ambaye hajapata kumsikia akizungumza. Mpango huo unamnyima mwandishi usikilizaji aliouhitaji, na unamfundisha mwanafunzi kwamba tamthiliya ni kitabu. Kinyume chake, tazameni tamasha la drama la shule na vyuo nchini Kenya. Mchezo unaanzia ngazi za chini, waamuzi wanatoa maoni, walimu na wanafunzi wanaurekebisha, unapanda ngazi nyingine na kukosolewa tena, mpaka unafika ngazi ya taifa ukiwa umechezwa mbele ya hadhira nyingi tofauti. Mtu anaweza kusema vikundi hujifunza kuwapendeza waamuzi, na hatari hiyo ipo. Hata hivyo ni mfumo unaomlazimisha mtu kuandika, kusikilizwa, na kuandika tena, na wachapishaji wetu wangefanya vyema kuuiga. Kabla ya mswada kwenda mtamboni, usomwe kwa sauti mbele ya watu mara mbili, na mwandishi apewe miezi ya kuufanyia kazi kati ya usomaji wa kwanza na wa pili. Gharama yake ni nakala chache, viti vya kuazima na chai, na faida yake itaonekana kwa miaka yote ambayo kitabu hicho kitakuwa darasani.

Kwa hiyo, msikilizaji uliye na mswada sandukuni, kazi yako inajulikana na mpangilio wake pia. Orodhesha maonyesho yako na uone yapi hayabadilishi kitu. Futa habari ambazo wahusika wanaambiana bila sababu, uwape jambo la kutenda. Waite wasomaji, ukae kimya, uandike kilichowapata na si dawa wanazopendekeza. Lete wasomaji wengine, ulinganishe. Ukishajua kasoro zinazorudi, tengeneza matukio kwanza, kisha mazungumzo, kisha sentensi, na mwisho kabisa tahajia. Tunza kila rasimu. Watazamaji wako watakukabidhi saa mbili za maisha yao ambazo hawatarudishiwa, na hakuna heshima unayoweza kuwapa iliyo kubwa kuliko kuwa umewasikiliza wenzao kabla yao.